Uchambuzi wa Kisa: Matairi ya Hilux ya Kubebea Pampu kati ya Arusha na Ngaresero

Kisa hiki ni cha gari moja, Toyota Hilux ya milango minne, la kampuni ndogo inayofunga na kutengeneza pampu za visima mkoani Arusha. Majina ya watu, ya kampuni na ya duka la matairi yameondolewa, na mpangilio wa baadhi ya safari umebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Njia zenyewe nimeziacha kama zilivyo, kwa sababu asiyejua gari lilipita wapi hawezi kuelewa kwa nini matairi yalikufa. Niliitwa kama fundi mshauri baada ya tairi la pili kuharibika, na nilikuwapo hadi ununuzi wa mwisho ulipofanyika.

Nakiandika kwa ajili ya wenye pikapu na magari makubwa ya familia ambao wakifika dukani huanza kwa kutazama kashata, yaani meno ya mpira yanayogusa barabara. Kashata ni ya kutazamwa, lakini zamu yake huja baada ya uzito na upepo.

Gari na kazi yake

Gari lilitoka kiwandani na matairi ya saizi 265/65R17, na ubavuni yameandikwa 112S. Namba 112 ni alama ya uzito: tairi moja linaweza kubeba kilo 1,120 likiwa na upepo wake kamili. Herufi S ni ya mwendo, hadi kilomita 180 kwa saa, na kwa kazi kama hii haina cha kutusumbua.

Nyuma kulikuwa na jenereta iliyofungwa upande wa kulia, sanduku la spana, mabomba, nyaya, na mara nyingi pampu moja au mbili. Ndani walikaa dereva na mafundi watatu. Mmiliki alikuwa ameongeza jani moja la springi kila upande wa nyuma, kama wafanyavyo wengi, ili gari lisikalie mkia. Tutalirudia jani hilo, kwa sababu lilificha jambo.

Safari ya kawaida ilianza Arusha, ikapita Makuyuni kwa lami hadi Mto wa Mbu, kisha ikageukia kaskazini kupitia Selela na Engaruka hadi Ngaresero, karibu na Ziwa Natron. Huko juu ni changarawe, makorongo, majivu laini yanayofunika mashimo, na mawe meusi yenye makali. Ni nchi ya volkano. Ol Doinyo Lengai, uliomwaga majivu mengi kati ya mwaka 2007 na 2008, unaonekana sehemu kubwa ya njia. Arusha iko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari na Natron kwenye mita kama 600, kwa hiyo mtu anaondoka na koti asubuhi na mchana anafika kwenye joto linalounguza mkono ukigusa bodi.

Ukihesabu kilomita, karibu nusu ya safari ilikuwa lami. Ukihesabu madhara, karibu yote yalianzia kwenye mawe. Mvutano huo ndio uliofanya uchaguzi uwe mgumu.

Matairi ya zamani yalikuwa na hali gani

Matairi manne yaliyokuwa barabarani yalikuwa yamebakiza milimita tatu hivi za kashata. Kisheria na kiufundi hayo bado si kipara. Vile vijiti vidogo vya mpira vilivyo ndani ya mifereji, ambavyo kashata ikivifikia tairi limekwisha, viko kwenye milimita 1.6. Lakini ubavu ulikuwa na nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, na tairi moja lilikuwa limetoa nundu upande wa ndani, mahali ambapo mtu haoni mpaka alale chini ya gari.

Tarehe ilieleza mengine. Kila tairi lina namba nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi lililoandikwa 2318 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Matairi haya yalikuwa na zaidi ya miaka saba, na la spea lilikuwa na umri huohuo ingawa kashata yake ilikuwa mpya kabisa. Watengenezaji wengi wanataka tairi lianze kukaguliwa na fundi kila mwaka likifikisha miaka mitano, na liondolewe likifikisha kumi hata kama linaonekana zima. Kwenye jua la Natron mimi nisingengoja kumi.

Uamuzi wa kwanza

Walizungumza watatu: mmiliki, ambaye ni mama anayesimamia ofisi na fedha, dereva, mtu mzima aliyeendesha njia hiyo kwa miaka mingi, na muuzaji wa matairi.

Dereva alitaka 285/70R17 yenye kashata kubwa za matope. "Mama, njia ile ina mawe," alimwambia. "Gari likiinuka kidogo tu tumepona." Hakuwa anaota. Kipenyo cha 265/65R17 ni milimita 776, na cha 285/70R17 ni 831. Nusu ya tofauti hiyo ndiyo inayoinua difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli, kutoka chini, yaani milimita 27 hivi, na kwenye korongo milimita 27 ni kitu. Lakini tairi hilo ni kubwa kwa asilimia saba. Saa ya mwendo ikisoma 80, gari linakwenda karibu 86. Kilomita zinazohesabiwa kwa ajili ya sevisi zinakuwa pungufu ya zilizosafiriwa, injini inavuta gia nzito zaidi, breki zinasimamisha gurudumu zito zaidi, na tairi linagusa madigadi ukikata kona huku springi imebonyea. Mmiliki alikataa kwa sababu ya bei. Alikuwa sahihi, ingawa sababu zenye uzito zaidi zilikuwa nyingine.

Mtumba ulizungumzwa pia, ukaachwa haraka. Matairi waliyoonyeshwa yalikuwa nusu ya bei ya mapya, yamepakwa dawa nyeusi yakang'aa, na mawili yalikuwa yamechongwa mifereji upya kwa kisu cha moto. Tairi la gari dogo au pikapu ambalo halikutengenezwa ili lichongwe halina mpira wa ziada chini ya mfereji. Anayechonga anakaribia nyaya za chuma.

Muuzaji akapendekeza njia ya kati: saizi ileile ya 265/65R17, alama ileile ya 112, matairi mapya yenye miezi michache tangu kutengenezwa, kashata za A/T, yaani za lami na vumbi, zenye meno makubwa yaliyoshuka hadi mabegani mwa tairi. Yalionekana magumu, na bei ilikuwa ya wastani. Mmiliki alinunua manne. Spea la zamani likabaki chini ya gari.

Ukiupima uamuzi ule kwa waliyoyajua siku ile, haukuwa wa kizembe. Walilinda saizi, wakaangalia tarehe, wakafunga manne yanayofanana. Hili la mwisho si dogo kwa gari ambalo dereva anaingiza gia ya magurudumu yote mwenyewe: matairi ya mbele na nyuma yakipishana kipenyo, mitambo inavutana yenyewe kwa yenyewe kila unapoiingiza kwenye ardhi ngumu. Kilichokosekana ni swali moja ambalo muuzaji hakuuliza na hakuna aliyemweleza: gari hili linabeba kilo ngapi, na matairi yanatembea na upepo gani?

Yaliyotokea

Tukio la kwanza lilikuwa kaskazini ya Engaruka, kabla matairi hayajapoteza hata rangi ya upya. Jiwe lilichana ubavu wa tairi la mbele kushoto, mkato wa urefu wa kidole kati ya kashata na rimu. Waliposhusha spea wakakuta upepo wake umebaki 15 (namba zote za upepo humu ni za PSI). Hakukuwa na pampu ya upepo wala kipima upepo garini. Kijana wa bodaboda aliyepita aliwaazima pampu ya mkono ya pikipiki, wakapokezana kuijaza chini ya jua mpaka likasimama. Mjini, fundi pancha aliweka kiraka ndani ya ubavu na tyubu juu yake, na tairi likarudi kazini kama spea.

Mahali hapo pana la kusisitiza. Ubavu hauzibwi. Ndiyo sehemu inayopinda kila gurudumu linapozunguka, na kiraka hakipindi pamoja nao. Tundu la msumari katikati ya kashata linaweza kuzibwa vizuri kwa kiraka cha ndani chenye shina linalojaza tundu lenyewe. Mkato wa ubavuni unaruhusu jambo moja tu: tyubu ya kukufikisha mji wa karibu, mwendo wa taratibu, kisha tairi linatupwa.

Tukio la pili ndilo lililoniita. Wakirudi na pampu mbovu mbili na jenereta, kwenye lami baada ya Makuyuni kuelekea Arusha, mchana wa jua kali na mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa, tairi la nyuma kulia lilipasuka. Gari liliyumba, dereva akashikilia usukani bila kukanyaga breki ghafla, akalitoa pembeni. Hakuna aliyeumia. Uzoefu wake ndio uliowaokoa, na hilo nalitaja kwa makusudi, kwa sababu ofisini maneno ya kwanza yalikuwa ya kumlaumu.

Tairi lile nililiona gerejini. Fundi alipolivua kwenye rimu, vilimwagika viganja viwili vya unga mweusi wa mpira, mwembamba kama kahawa iliyosagwa. Ndani ya ubavu, kuzunguka tairi zima, kulikuwa na mkanda wa kijivu uliosuguliwa hadi nyuzi zikaonekana. Hakukuwa na msumari wala mkato. Kashata kwa nje ilikuwa karibu mpya. Tairi lililopasuka kwa jiwe haliachi unga huo. Unga unatokana na ubavu uliokunjwa mno kwa kilomita nyingi, ukajisaga wenyewe kwa ndani, ukapata moto, ukaachia.

Kulipima gari

Kabla ya kuzungumzia tairi jipya niliomba gari lipakiwe kama siku ya kazi, na watu wake ndani, tulipeleke kwenye mizani ya ghala moja la nafaka. Tulipima ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma, kisha tukapima upande mmoja mmoja kwa kulipitisha gari nusu juu ya sahani.

Mbele ilikuwa kilo 1,180, nyuma kilo 1,760. Jumla kilo 2,940, karibu sana na kikomo cha gari lenyewe. Nyuma kulia, chini ya jenereta, kulikaliwa na kilo 930. Nyuma kushoto kilo 830.

Mmiliki alipumua. Kilo 930 ni chini ya 1,120, kwa hiyo muuzaji alikuwa sawa? Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini ile 1,120 ni ahadi yenye sharti. Tairi la kawaida la aina ile linaifikia likiwa na upepo kama 35 au 36, uliopimwa likiwa baridi. Punguza upepo, na ahadi inapungua nao.

Nikamuuliza dereva, taratibu na si mbele ya watu, upepo anauwekaje. Akaeleza bila kuficha. Anaondoka Arusha asubuhi na 35. Akifika Mto wa Mbu, matairi yana moto, kipimo cha kituo cha mafuta kinasoma 40 au zaidi, naye anapunguza hadi 28 "lisije likapasuka kwa joto," na pia ili gari lisiruke kwenye mawe. Akirudi hajazi tena mpaka afike nyumbani.

Desturi hii ameirithi kwa madereva waliomtangulia, na nimeikuta Dodoma, Tanga, hata kwa madereva wa mabasi. Inatokana na hofu ya haki iliyoelekezwa pabaya. Ni kweli hewa ikipata joto inatanuka na kipimo kinapanda. Mtengenezaji wa tairi anajua hilo, na namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva ni ya tairi baridi, ikiwa imeshaacha nafasi ya kupanda huko. Anayetoa hewa kwenye tairi la moto anaondoa kitu ambacho hakikuzidi. Tairi lile la 28 likiwa na moto, likipoa usiku kule Ngaresero lingesoma 24 au chini yake. Kwa upepo wa 24, tairi la kilo 1,120 lina uwezo wa kama kilo 800. Juu yake zilikaa 930.

Upepo ukipungua, ubavu unakunjwa zaidi kila mzunguko. Ubavu ukikunjwa zaidi unatoa joto zaidi. Kwa hiyo dereva alipopunguza upepo akiogopa joto, aliliongeza, na kwenye mawe kwa mwendo mdogo halikuonekana. Lilijionyesha kwenye lami, kwa mwendo wa 100, na mzigo uleule.

Sitaki kusema kupunguza upepo ni kosa siku zote. Kwenye mchanga na kwenye mawe, tairi lenye upepo kidogo linajikunja juu ya ncha badala ya kuchomwa nayo, na gari linapata mshiko. Nusu ya mawazo ya dereva ilikuwa sahihi kabisa. Lakini anayepunguza anatakiwa kutembea taratibu, na kurudisha upepo wote kabla ya kugusa lami. Wao hawakuwa na pampu ya kurudishia.

Na lile jani la springi? Lilizuia gari lisiiname. Gari lenye springi za kiwandani, likipakiwa hivi, lingekalia mkia na mtu yeyote angeona kwamba mzigo umekaribia mwisho. Springi iliyoongezwa inabeba bodi. Chini yake tairi, rimu, ekseli na breki vimebaki na kikomo chao kilekile, na macho yamenyimwa dalili.

Uamuzi wa pili

Tulikuwa na mambo mawili ya kutibu, na yalihitaji dawa tofauti. Kupasuka kwenye lami kulitokana na upepo na mzigo, na tairi lolote duniani lingekufa kwa namna ile. Kuchanika ubavu kulitokana na jiwe na wembamba wa ubavu, na hapo ndipo aina ya tairi ilikuwa na la kusema.

Tulichagua saizi ileile, 265/65R17, lakini ya daraja la LT, yaani tairi la gari la mizigo midogo, lenye alama 120/117 na herufi E. Wauzaji huliita tairi la ply kumi. Si kwamba kuna matabaka kumi ndani. Namba hiyo imebaki tangu enzi za nyuzi za pamba, na leo inamaanisha daraja la nguvu tu. Alama 120 ni kilo 1,400 kwa tairi moja, likiwa na upepo wa 80. Kilichonivutia zaidi ya hizo kilo ni ubavu: lile tulilochagua lilikuwa na matabaka matatu ubavuni, na ukiliminya dukani kwa kidole gumba unahisi tofauti. Kashata ilikuwa A/T ya kawaida, tena meno yake madogo kuliko ya lile la kwanza. Dereva aliliangalia akatikisa kichwa. Kwa macho lilikuwa limerudi nyuma.

Tairi moja lilizidi lile la kwanza kwa karibu theluthi ya bei, na nilimshauri mmiliki anunue matano. Hapo tulibishana. Kwake spea ni kitu cha kukaa chini ya gari. Nilimwonyesha spea la kwanza, lenye kashata mpya na nyufa za miaka saba, na lile la pili lenye kiraka ubavuni. Kwenye njia ambayo msaada unaweza kuchukua nusu siku, spea ni tairi la kazi. Alikubali kwa sharti kwamba yote matano yazungushwe kwa zamu ili yaishe pamoja, sharti ambalo ningeliomba mwenyewe.

Upepo tuliuandika kwa rangi ndani ya mlango wa dereva, kando ya kibandiko cha kiwandani. Mbele 38. Nyuma 50 gari likiwa na mzigo, 36 likiwa tupu. Wengine gerejini walishangaa hiyo 50, kwa kuwa wamezoea 35 kwa kila gari. Tairi la LT linahitaji upepo mwingi zaidi ili libebe mzigo uleule. Ukiliweka 36 na kilo 930 juu yake, litakunjwa kama lile lililopasuka. Anayenunua tairi gumu na kulitembeza na upepo wa tairi laini amelipa pesa nyingi kununua ajali ileile.

Tulinunua pia kipima upepo cha mkononi na pampu ndogo ya umeme inayofungwa kwenye betri. Kwa pamoja viligharimu chini ya nusu ya tairi moja. Jenereta ilihamishiwa katikati. Kwa njia ya mawe tulikubaliana mbele 30, nyuma 38, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, na wakirudi Mto wa Mbu wasimame wajaze kabla ya kuendelea.

Matokeo

Katika mwaka uliofuata, uliopita vuli na masika, hakuna tairi lililopasuka wala kuchanika ubavu. Kulikuwa na pancha moja ya mwiba wa mgunga katikati ya kashata, ikazibwa vizuri. Mikwaruzo ya mawe ubavuni ilionekana, mingine mirefu, lakini haikufika kwenye nyuzi.

Gharama zilionekana pia. Matairi ya LT ni mazito, na matumizi ya mafuta yalipanda kidogo. Gari likiwa tupu lilikuwa gumu, na mafundi walilalamikia migongo mpaka dereva alipozoea kushusha upepo wa nyuma hadi 36 baada ya kupakua. Kwenye lami iliyolowa, dereva alisema gari linachelewa kusimama kuliko zamani, naye akaongeza nafasi kati yake na gari la mbele. Alikuwa sahihi. Mpira wa matairi mengi ya aina hiyo umetengenezwa kustahimili mawe, na mshiko kwenye maji ndio unaopungua.

Masika, kwenye udongo mweusi wa mbugani, kashata zilijaa tope na gari likakaa. Lilitolewa na trekta.

Na matairi ya mbele yalianza kula pembeni. Mmiliki alipiga simu akiamini amepewa matairi mabovu. Tairodi ya kulia, fimbo inayogeuza gurudumu, ilikuwa imelegea na bushi, mipira ya viungo, zimekwisha. Baada ya kubadilisha na kuweka alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, ulaji ulisimama, lakini mpira uliokwisha liwa haurudi, na jozi ile itastaafu mapema kuliko wenzake.

Uchambuzi: kilichosaidia

Mizani kwanza. Saa moja ya kupima ilibadilisha mazungumzo yote. Kabla yake kila mtu alikuwa na hoja kuhusu kashata, baada yake tulikuwa na namba nne. Ukiwa na uzito wa kila gurudumu unaweza kuingia duka lolote na kusoma ubavu wa tairi mwenyewe, bila kungoja muuzaji akuambie lipi ni gumu.

Kulichunguza tairi lililokufa kabla ya kulitupa. Lingekwenda kwa watengeneza kandambili siku ileile, na ule unga ungekwenda nalo, tungebaki tunalaumu chapa. Fundi aliyelivua anastahili sifa kwa kuliweka kando.

Kuzungumza na dereva kama mtu mwenye ujuzi. Angelaumiwa angesema anaweka 35 siku zote, na tungeamini. Yeye ndiye aliyekuwa na kiini cha kisa chote, na siku ya matairi mapya ndiye aliyewafundisha vijana kupima upepo asubuhi, kabla jua halijapiga upande mmoja wa gari.

Nadhani mchango wa tairi lenyewe ulikuwa mdogo kuliko mmiliki anavyoamini. Pampu ya upepo, kipima upepo, kuhamishwa kwa jenereta na mwendo wa 40 kwenye mawe vingefanya hata yale matairi ya kwanza yaishi muda mrefu. LT ilinunua ulinzi wa ubavu, na kwa njia hii hasa ulinzi huo una thamani yake. Kwa mtu wa Arusha anayekwenda Moshi kwa lami na familia yake, ningeshauri tairi la kawaida, laini, lenye mshiko mzuri kwenye mvua, na theluthi ile ya bei abaki nayo.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Matope hatukuyatatua. Tulijua tangu mwanzo kwamba A/T haina majibu kwa udongo mweusi, tukachagua kuyapa mawe kipaumbele kwa sababu mawe yapo mwaka mzima. Uamuzi huo nausimamia, lakini ulipaswa kuambatana na mpango wa masika, ama minyororo ya magurudumu ama kalenda ya kazi inayokwepa wiki zile. Kampuni sasa inapanga visima vya mbugani kabla ya Machi.

Alaimenti ilipaswa kukaguliwa siku ileile ya kufunga matairi. Duka lilifunga, likaweka balansi, likakaza nati kwa bunduki ya upepo, likaruhusu gari. Kuweka matairi mapya matano kwenye tairodi iliyolegea ni hasara ambayo dakika chache kwenye jeki, ukitikisa gurudumu kwa mikono miwili, zingeigundua. Nati nazo zilitakiwa kukazwa tena kwa spana baada ya kilomita 50 hadi 100. Hilo dereva alilifanya bila kuambiwa.

Mzigo bado uko karibu mno na kikomo. Tairi la kilo 1,400 limewapa wengine ofisini hisia kwamba sasa wanaweza kuongeza pampu ya tatu. Ekseli, breki na chasisi havikubadilishwa. Nimeomba gari lipelekwe mizani tena kila vifaa vya kazi vinapobadilika, na karatasi ya vipimo ibandikwe ofisini mahali pampu zinapogawiwa, kwa kuwa anayeamua uzito wa gari ni yule anayepanga kazi ya siku, akiwa mbali na usukani.